Mikono Juu, Ndipo Ukanda Urudi

Ninyi vijana mnaosomea umeme mnanijia hapa nyumbani mkitaka niwachoree namna ya kugeuza mota ndogo kwa rilei mbili. Nitawachorea. Lakini mtanisikiliza kwanza, maana mchoro wenyewe ni mistari michache tu, hata mjukuu wangu aliye darasa la saba anauweza. Kitu ambacho mchoro hausemi ni ulitengenezwa kwa ajili ya nani. Nitasema mimi: ulitengenezwa kwa ajili ya mikono ya wanawake wa ukanda wa mawe, na zaidi kwa ajili ya mkono wa mama yangu mdogo, Milembe. Na ulitengenezwa kwa hasira. Hasira ile siiombei radhi. Kazi nimestaafu, hasira sijaistaafisha.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa karani wa simu mgodini, upande wa Geita. Baba yangu alikuwa mtu wa reli pale Shinyanga, akanisomesha mpaka sekondari huku majirani wakimcheka kwamba anaharibu ng'ombe wake wa mahari. Nikaolewa, nikazaa mapacha, Kulwa na Doto. Nilikwenda nao kazini. Walilala kwenye sanduku tupu la baruti, nimelitandika pamba ya kwetu, chini ya swichibodi, ile meza ya kuunganishia simu. Au niseme hawakulala. Kulwa akilala Doto anaamka, Doto akilala Kulwa anaamka, na wakitaka kunyonya wanataka wote kwa pamoja. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na ushei, sijalala vizuri tangu mvua za mwaka uliopita. Mtu wa namna hiyo usimwambie maneno ya kipuuzi.

Nyuma ya swichibodi ndipo nilipoijua rilei. Kila aliyezungusha simu yake, rilei moja ililia, tak! Rilei ni koili ya waya iliyozungushwa kwenye chuma. Ukiipa umeme kidogo, chuma kinakuwa sumaku, kinavuta kipande cha chuma chenye ulimi wa shaba, na ulimi ule unafunga au unafungua njia ya umeme mwingine, ule mkubwa. Basi. Mtu mdogo anamfungulia mlango mtu mkubwa. Zilipokwama nilizifungua mwenyewe, nikasugua ndimi zake kwa kipande cha karatasi ngumu. Nawaambia na ninyi: karatasi ngumu. Msije mkatia msasa kwenye kontakti, pale ndimi zinapogusana, mtaimaliza.

Sasa ukanda. Ulikuwa ukanda mdogo wa kuchagulia mawe, hauzidi urefu wa sebule mbili. Wanawake walikaa huku na huku, mawe yanapita mbele yao, wanatoa yasiyo na kitu, yenye dhahabu yanaendelea kwenda kusagwa. Ukanda ulivutwa na mota iliyotoka kwenye mabaki ya magari ya vita, ikila betri mbili za lori. Shida yake ilikuwa moja. Jiwe likiteleza likaingia kati ya ukanda na rola ya mwisho, ukanda unakwama, mota inanguruma pale pale, na mtu lazima aingize mkono alichomoe. Jiwe likitoka tu, ukanda unaruka mbele kwa nguvu yote iliyokuwa imezuiwa. Mtaniuliza kwa nini hawakuzima. Swichi ilikuwa kwenye kibanda cha betri, ng'ambo ya uwanja, na nyapara wao, Shomari, hakutaka mtu atembee mpaka kule.

Siku hiyo niliyasikia makelele kutoka kwenye chumba changu cha simu. Nilipofika, mama mdogo Milembe alikuwa amekaa chini, mkono wa kulia umefungwa kwa khanga, na khanga imeshabadilika rangi. Vidole vyake viwili vilikuwa vimekwenda. Kidole gumba kilibaki kizima. Alinitazama, akaniita mama kwa Kisukuma, akasema tu, "Mayu, watoto wako umewaacha na nani?"

Shomari akasema, "Mwanamke akiwa mwangalifu haumii."

Nikamwambia, "Basi weka mkono wako wewe uliye mwangalifu. Jiwe lingine lile pale."

"Wewe kazi yako ni simu."

"Ndiyo. Na sasa naipiga."

Sikupiga simu. Nilikwenda kwa miguu ofisini kwa meneja, Doto mgongoni, Kulwa nimempa Minza, yule mwimbishaji wa wanawake wa ukanda. Nilisema kwa Kiingereza ili meneja asije akasingizia kwamba hakunielewa. Nikamwambia ukanda wako unajua kwenda mbele tu. Ukirudi nyuma hata kwa hatua ya mtoto, jiwe litaanguka lenyewe na hakuna mkono utakaoingia mle. Niruhusu nifanye kazi hiyo na fundi wako wa umeme.

Alinitazama, akamtazama Doto. Akasema mhandisi mkuu atakuja kukagua mitambo mwisho wa mwezi. Ukanda ukirudi nyuma mbele yake, utabaki hivyo. Usiporudi, hataki kusikia tena habari zake, na wanawake wataendelea na mikono kama zamani.

Nilitoka nje nikaenda kumtafuta fundi.

Fundi Maduhu alikuwa mtu wa Maswa, mrefu, mkimya, aliyekuwa na kikosi cha simu vitani Burma. Karakana yake ilinuka mafuta na mkaa, maana chuma chetu cha kulehemu tulikipasha moto kwenye jiko.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Huyo mtoto wako ananitazama kama ninamdai."

"Anataka ukanda urudi nyuma."

Akacheka, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Nikamweleza alichosema meneja. Akaacha kucheka, akafuta mikono. "Mota yenyewe umeiona?"

Hapa ndipo mjifunze. Kila mtu atawaambia mota ya betri ukitaka igeuke, badilisha nyaya zake mbili, chanya iende kwa hasi na hasi kwa chanya. Tulifanya hivyo, wanawake wamesimama wanatazama. Mota ikazunguka kule kule. Tukabadilisha tena. Kule kule. Minza akapaza sauti, "Fundi, hiyo ni dume la ng'ombe la kwetu, ukilivuta mkia linakwenda mbele!" Wakaangua kicheko hadi Shomari akaja kuchungulia.

Maduhu hakukasirika. Aliifungua mota ile, tukakaa nayo sakafuni. Ndani kulikuwa na koili zilizofungwa kwenye ukuta wa mota, na katikati kuna ile sehemu inayozunguka, inayopata umeme wake kupitia brashi mbili za kaboni. Umeme ulipita kwanza koili za ukutani, halafu brashi. Ukibadilisha nyaya za nje, unageuza zote mbili kwa pamoja: sumaku ya ukutani inageuka, ya katikati inageuka, na msukumo unabaki ule ule. Ni kama watu wawili waliotazamana wakageuka wote, wakapeana migongo. Hakuna aliyemzidi mwenzake. Lazima ugeuze moja tu. Basi tukatoa nyaya za brashi pekee nje ya mota, za ukutani tukaziacha zilivyo. Tukageuza zile za brashi. Mota ikazunguka upande wa pili, polepole, kama mtu anayerudi nyumbani baada ya ugomvi.

Minza akasogea karibu kutazama.

Lakini mtu hawezi kukaa pale anabadilisha nyaya kwa bisibisi kila jiwe linapokwama. Ndipo rilei zilipohitajika. Mimi nilikimbilia za swichibodi, zile nilizozizoea, zilizokuwa zimetupwa stoo. Nikazifunga, nikabonyeza, ndimi zake zikawaka bluu zikayeyuka. Maduhu akasema, "Hizo zimezoea kubeba maneno. Hapa kuna mzigo." Tukapata mbili kubwa kutoka kwenye gari bovu la redio, kila moja ina ndimi mbili nene za kubeba umeme wa mota, na ulimi mmoja mwembamba pembeni ambao mimi sikujua ni wa nini.

Wanawake ndio waliozipa majina. Ya kwenda mbele ikaitwa Kulwa, ya kurudi nyuma Doto. Sikupenda mwanzoni, halafu nikaona inanisaidia kuwaeleza, na hata ninyi itawasaidia. Kulwa akivuta, brashi ya kushoto inapata chanya na ya kulia inapata hasi. Doto akivuta, ya kushoto inapata hasi na ya kulia inapata chanya. Wote wakilala, mota haina umeme, inasimama. Vitufe viwili: cheupe nilichokipaka chokaa ni cha Kulwa, cheusi ni cha Doto. Ukikiachia kitufe chochote, mwenye nacho analala.

"Na wakiamka wote wawili?" Maduhu akaniuliza.

Mwalimu mzuri anauliza hivyo halafu anaendelea kunywa chai yake. Nikatazama nyaya. Wakiamka wote, chanya na hasi zinakutana uso kwa uso, mota haina kazi tena hapo katikati. Fyuzi ikiwahi, inakatika. Isipowahi, unazima moto.

Wakati huo watoto wangu walikuwa wameanza kulia pamoja ndani ya sanduku. Nikamchukua Kulwa nikamnyonyesha, Doto akapiga kelele hadi akakauka. Mama wa mapacha anajua sheria hii: mmoja akiwa kifuani, mwingine njia yake imefungwa, alie asilie. Nikiwa nimekaa hivyo nikauona ule ulimi mwembamba. Rilei ikilala, ulimi huo umegusa. Rilei ikivuta, unaachia. Nikasema, "Mjomba, umeme wa kumwamsha Doto tuupitishe kwanza kwenye ulimi mwembamba wa Kulwa. Kulwa akiamka, njia ya Doto inakatika. Na wa Kulwa tuupitishe kwa Doto."

Maduhu akaweka kikombe chini. "Jeshini walituambia hilo kwa maneno mengi sana," akasema. "Fanya."

Tukajaribu kwanza kwa globu ya taa ya lori badala ya mota. Na ninyi fanyeni hivyo hivyo. Globu ikikosewa haimuumizi mtu. Nilibonyeza vitufe vyote viwili kwa vidole viwili. Aliyewahi alivuta, aliyechelewa akabaki amelala. Nilibonyeza mpaka Maduhu akaniambia nitavunja kitufe.

Jambo lingine nililolilazimisha ni swichi kubwa ya mkono, ile ya kukata kila kitu, ihamishwe kutoka kibanda cha betri iletwe ukandani. Shomari alipinga. Nikamwambia aende akamweleze Milembe sababu zake. Hakwenda. Na Milembe, aliyekuwa amerudi kazini na bandeji kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda, hakuweza tena kuchagua mawe upesi. Nikamkalisha kwenye swichi hiyo.

Tukafunga mtambo ukandani siku chache kabla ya ukaguzi. Minza akapewa vitufe. Tak, mbele. Jiwe likakwama. Tak, nyuma, jiwe likaanguka. Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikaenda kwenye simu zangu nikiwa nimeshamaliza kazi kichwani.

Sikuwa nimemaliza. Wanawake wa kwetu hawafanyi kazi ya mikono kimya. Walichagua mawe kwa wimbo wa kulimia, ule wa kulima kwa kikundi, mmoja anaita, wengine wanaitikia, na kila mwitikio jembe linashuka. Mimi nilikuwa nausikia kila siku na sikuwahi kuufikiria. Minza alikuwa mwimbishaji, vitufe viko mkononi mwake. Wimbo ukamkolea. Akawa anaita, anabonyeza cheupe. Wanaitikia, anabonyeza cheusi. Anaita, cheupe. Wanaitikia, cheusi. Ukanda ukawa unacheza mbele nyuma, mbele nyuma, nao wakafurahi kwamba hata mtambo umejua ngoma.

Mota haijui ngoma. Mota iliyo kwenye mbio ukiigeuza ghafla, inapigana na mwendo wake yenyewe, inavuta umeme mwingi kuliko wakati wowote. Ndimi nene za Kulwa zikaungua, zikagandana kama zimelehemewa. Minza akaachia kitufe cheupe, ukanda ukaendelea mbele. Akabonyeza cheusi. Ukanda ukaendelea mbele. Kulwa hakulala, kwa hiyo njia ya Doto ilikuwa imefungwa, kama tulivyotaka wenyewe. Na Holo, binti mdogo kuliko wote pale, alikuwa ameshainama kuokota jiwe kwenye rola, kwa kuwa aliambiwa kikibonyezwa cheusi rola inarudi.

"Nabonyeza nyuma!" Minza akalia. "Nyuma! Nabonyeza nyuma!"

Milembe aliivuta swichi kubwa kwa mkono wa kushoto. Kila kitu kikafa. Holo akautoa mkono wake, akautazama pande zote mbili, akaanza kulia.

Mnataka kujua nilivyojisikia? Nilitaka kulipiga teke lile sanduku la rilei mpaka ziwani.

Shomari akafika akiwa na tabasamu. "Nilisema mimi. Kelele zinaharibu mtambo. Kuanzia leo hakuna kuimba."

Kibaya zaidi, Maduhu akakubaliana naye. "Wimbo ndio ulioharibu, mwanangu. Wanyamaze tu. Tumebakiwa na siku mbili."

"Wakinyamaza leo," nikamwambia, "kesho kutwa wataimba. Wewe unaweza kuchimba choo kimya, mjomba? Hata wewe unapiga mluzi."

"Basi utafanyaje? Utaifundisha mota kucheza?"

Nilikuwa ninasugua kontakti za Kulwa, karatasi baada ya karatasi, Doto ananivuta sikio. Milembe alikuwa bado amekaa pale kwenye swichi. Akauliza, "Hiyo mota inataka nini hasa?"

"Inataka isimame kabisa kabla ya kugeuzwa. Rola ikisimama, ndipo ubonyeze kingine."

"Inataka kupumua."

"Ndiyo, mama mdogo. Kupumua."

Akainuka. "Wewe ulikwenda shule ukiwa mdogo, hukulima na kikundi. Wachezaji wa jembe, wale wanaolima wakicheza, wakifika mahali fulani katika wimbo, wanafanya nini?"

Minza ndiye aliyejibu. "Wanarusha jembe juu."

"Jembe likiwa juu, nani analima?"

"Hakuna mtu."

"Na mikono iko wapi?"

Minza akainua mikono yake miwili hewani, kama mtu anayelisubiri jembe lake lishuke. Wote tukamtazama. Mimi nikaweka karatasi chini.

Nataka mlielewe hilo vizuri. Nilikuwa natafuta kitu cha kuichelewesha mota. Milembe alinipa kitu kinachochelewesha mota na papo hapo kinachoitoa mikono yote ukandani. Minza akiita "Jembe juu!", anaachia kitufe, na kila mwanamke anainua mikono hewani. Wanashikilia sauti moja ndefu, rola inapunguza mwendo, inasimama. Mwitikio ukishuka, ndipo anabonyeza cheusi. Kama kuna mkono mmoja haupo juu, wimbo hausongi mbele. Wanatazamana wenyewe. Hakuna nyapara anayeweza kutazama hivyo.

Walifanya mazoezi siku zile mbili hata Shomari akawa anaitikia bila kujijua.

Mhandisi mkuu alikuja asubuhi, na meneja, na soksi zao ndefu. Shomari akachagua jiwe yeye mwenyewe, kubwa lenye pembe, akalitia chini ya ukanda akalisukuma kwa mti mpaka likaingia kwenye rola. "Haya," akasema, "litoeni hilo kwa wimbo." Ukanda ukakwama. Mota ikanguruma.

Minza akaita. Kitufe cheupe kikaachiwa, Kulwa akalala, tak. Mikono ikapanda yote, upande huu na upande ule, na mkono wa Milembe ukiwamo, wenye vidole pungufu, juu kuliko mingine. Sauti ile ndefu ikakaa hewani. Nilitazama rola. Mwitikio ukashuka, tak, Doto akaamka, ukanda ukarudi nyuma, jiwe likajichomoa likaanguka karibu na kiatu cha Shomari. Aliruka kama mbuzi. Hata meneja alicheka.

Mhandisi alichuchumaa akazitazama rilei, ulimi mwembamba hasa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Meneja akasema vizuri sana, utabaki hivyo. Ila makelele yale yaondolewe, wabonyeze kimya.

Maduhu alinigusa bega ninyamaze. Sikunyamaza.

"Wimbo ni sehemu ya mtambo," nikamwambia kwa Kiingereza, na nikarudia kwa Kiswahili ili wenyewe wasikie. "Ukiutoa wimbo, toa na rilei, na uje uingize mkono wako mwenyewe."

Doto akacheua maziwa begani kwangu, nikamwacha. Mhandisi akamwomba Minza, kwa Kiswahili kibovu, ainue tena mikono. Minza akauendesha ukanda, akaita, akaachia kitufe, wakainua wote. Akatazama rola mpaka iliposimama, akamgeukia meneja. "Waache waimbe," akasema.

Walipoondoka, Milembe akaniambia, "Wabeja, mayu," ndiyo asante ya kwetu, halafu akaomba Minza ampishe. Akakaa kwenye vitufe. Akaita peke yake, kwa sauti yake ile kavu, akainua mikono, akasubiri mpaka mwisho kabisa, zaidi ya tulivyohitaji. Kisha akashusha mkono wa kulia akabonyeza cheusi kwa kidole gumba. Ukanda ukarudi kwake.

Baadaye mitambo mipya ililetwa, yenye rilei zinazosubiri zenyewe, za kuhesabu muda ndani ya kopo. Nilizifunga nyingi kabla ya kustaafu, ni nzuri, sizikatai. Wanawake wale waliendelea kuinua mikono, na hakuna aliyewaambia waache.

Haya, leteni karatasi sasa. Si hapo, anza juu. Betri utaichora baadaye. Chora mikono kwanza.